Zambarau ya Mfunguo Mosi

Mfunguo Mosi wa 2017, mwezi unaofuata Ramadhani, ulinikuta na monita tatu mezani, na hapakuwa na mbili zilizofanana. Ya kati ilikuwa ya inchi 24, mpya, bado ina nailoni yake kwenye fremu kwa sababu roho ilinikataa kuibandua. Kushoto laptopu iliyovunjika bawaba, nimeiegemeza ukutani. Kulia alikaa mzee: inchi 17, umbo la mrabamraba, mtumba wa ofisi fulani, mwanga wake umegeuka manjano kama wa chemli kwa vile mirija iliyo nyuma ya kioo ilishachoka. Nilimpandisha juu ya rimu mbili za A4 ili alingane na mwenzake. Taabu ni kwamba steshenari karatasi ni za kuuza. Siku wanafunzi wakijaa kutoa kopi, rimu ya chini inachomolewa na mzee anashuka, nami shingo inamfuata.

Duka lenyewe lilikuwa Tanga mjini, Ngamiani, barabara ya 12, chumba kimoja cha mbele na feni inayolalamika.

Monita zisizolingana zina vituko vyake. Ile kubwa ina nukta 1080 kwenda chini, mzee ana 1024. Kwenye mpangilio wa skrini nilizilinganisha kwa juu, kwa hiyo chini zilibaki nukta 56 zisizo na mlango. Ukiburuta mshale kwenda kulia ukiwa chini kabisa, unagonga ukuta na kuganda. Mteja mmoja aliwahi kuniuliza kama mausi imekufa. Haikufa, nikamwambia, imekosa njia tu.

Likizo ya Juni mpwa wangu alikuja kunisaidia. Mchana alikata na kukunja kadi vizuri sana, siwezi kumsema vibaya. Usiku nikifunga mlango wa mbele, monita kubwa ilikuwa yake na gemu lake la bunduki, mimi namalizia kazi kwa mzee. Gemu alilifungua kwenye dirisha, si skrini nzima, basi akigeuka haraka mshale ulimtoroka ukaangukia upande wangu. Anabofya kumpiga adui, kumbe amebofya kadi ya harusi. Gemu linazama, kadi inapanda.

"Mjomba, nimeuawa na bibi harusi!"

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Mama mmoja wa Makorora alileta kazi ya kadi 150. Alikuja na kipande cha satini ya sare, kimekunjwa ndani ya leso. Zambarau, lakini zambarau hasa, ile ya tunda lililoiva likakuachia ulimi mweusi. "Mwanangu, kadi na nguo visipishane," alisema. "Nina mawifi mimi."

Nikakibandika kile kitambaa kwenye kioo cha monita kubwa. Rangi ya kioo ilikuwa kali mno, inawaka. Nikaipunguza kidogo, nikaipunguza tena, hadi kitambaa na kioo vikawa kitu kimoja. Leo najua kulinganisha nguo na kioo kinachotoa mwanga ni kulinganisha sahani na mwezi, lakini wakati ule nilijiona fundi.

Kesho yake akaja kuona. Nilikuwa nimemgeuzia mzee upande wa kaunta, ndiye wa kuonyeshea wateja. Akatazama, akakunja uso.

"Mbona imekufa hii? Kama maji ya kusuuzia."

"Hiyo monita ni ya zamani, mama, inadanganya. Zunguka huku utazame."

Akazunguka, akatazama kubwa, akatoa satini, akaridhika. Akalipa nusu.

Usiku ule nikaingiza karatasi ngumu kwenye printa. Ya kwanza ilitoka imefifia. Nikasema ni taa hii ya duka. Ya kumi vilevile, nikasema wino haujakauka. Mtu aliyeamua kutoona hakosi la kusema. Saa saba na nusu usiku zilikuwa tayari, mkebe wa wino wa rangi umebaki mkiani.

Asubuhi nikazitoa barazani kwenye jua. Zambarau gani! Ilikuwa rangi ya bilingani lililosahauliwa kwenye mchuzi.

Nikarudi ndani nikaanza kubonyeza vitufe vya chini ya monita kubwa. Ukali wa rangi ulikuwa umepandishwa karibu na mwisho, na mwanga wa sehemu za giza nao umepandishwa. Mpwa wangu akasimama mlangoni ameshika mswaki.

"Mjomba, mle kwenye mapango maadui walikuwa hawaonekani."

Sikumpiga kelele. Kwanza hakuna aliyemwambia asiguse, pili mzee alikuwa ameniambia mapema, mbele ya shahidi.

Mama akafika saa nne. "Shikamoo, mama." "Marahaba." Sikuwa na la zaidi. Alichukua kadi moja, hakunitazama mimi, akaiweka kwenye kioo cha monita ya manjano na kuishikilia kwa kidole. Kadi ikapotea. Kilichobaki kuonekana ni ukingo wake tu na ukucha wenye hina.

"Haya," alisema, "ipi ilikuwa inadanganya?"

Nilizirudia zote kwa wino wangu. Safari hii nilichapa vipande vitano kwanza, nikavipeleka juani pamoja na satini, akachagua mwenyewe cha tatu. Nusu iliyobaki ya malipo aliileta Alhamisi, pamoja na bakuli la visheti kwa ajili ya mpwa wangu.

Zile 150 zilizoharibika zilikuwa na majina ya watu, hazifai kufungia kashata. Nikazifunga kwa mpira. Unene wake, ukizibana vizuri, ni karibu sawa na rimu moja, nami nilikuwa nimechoka kuinamisha shingo kila karatasi zikinunuliwa. Nikazisukuma chini ya mzee.