Mahiwa hadi Ruvuma, 1917

Ndugu zangu, kila tunapopita Nyangao tukumbuke kuwa hapa, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, watu walikufa na kujeruhiwa kwa maelfu. Tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, askari wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, waliwazuia Waingereza Mahiwa, jirani na Nyangao. Hata hivyo ushindi ule uliwagharimu: risasi zisizo na moshi karibu ziishe, wakabaki na bunduki za zamani za mwaka 1871. Bunduki hizo hutoa moshi mzito, ukipiga mara moja tu adui ameshajua ulipo.

Kikosi cha nyuma, kinacholinda jeshi linaporudi nyuma, hakikai kushinda, kinanunua saa. Kinampiga adui ghafla ili aache njia, atawanye safu na kusogeza mizinga. Anapoanza kuzunguka ubavuni, unaondoka. Ukichelewa, umezingirwa.

Kwenye mto ni kugumu zaidi. Wagonjwa na wapagazi wenye mizigo huvuka kwanza, na bombomu (bunduki za rashasha) kadhaa hutangulia ng'ambo zipate kuwalinda wa mwisho watakaovuka. Kinachoharibu ni msongamano kivukoni: mzigo mmoja ukikwama, msafara mzima unasimama peupe mchangani.

Novemba, kabla ya masika, Ruvuma huwa na maji machache. Tarehe 25 askari wa von Lettow walivuka kwa miguu karibu na Ngomano, upande wa Msumbiji, wakaiteka ngome ya Wareno siku ileile. Mamia ya wagonjwa walikuwa wameshaachwa nyuma, Nambindinga. Wapagazi wetu waliofia njiani, wengi hata kaburi hawana.