Hesabu za Kike: Utani Ulionitokea Puani

Mwezi uliopita, katika kundi la WhatsApp la kamati ya harusi ya mpwa wangu hapa Tabora, mweka hazina wetu alituma orodha ya michango ambayo jumla yake ilizidi fedha zilizopo kwa shilingi 10,000. Mimi nilikuwa kibarazani nikisubiri chai, nikaandika: "Hizo ni hesabu za kike. Elfu kumi imeshageuka kitenge." Niliongeza vikatuni viwili vya kucheka, nikaweka simu chini, nikanywa chai yangu kwa amani.

Mweka hazina ni Mzaramo na mimi ni Mnyamwezi. Waliokulia huku hawahitaji maelezo, lakini kwa wengine niseme kwamba sisi ni watani tangu enzi za misafara, wakati wapagazi wa Kinyamwezi waliposhuka na pembe za ndovu hadi pwani, wakalazimika kutafuta namna ya kupita katika nchi za watu bila kutoana roho. Mtani ana ruhusa ya kukusema mbele za watu. Hata msibani anaweza kumwigiza marehemu na kudai kuwa alikuwa mchoyo, na wafiwa wakacheka. Mama huyu huniita mbeba mizigo kila ninapopita kwenye meza yake ya mchele sokoni, nami humwuliza kama leo amemaliza kucheza ngoma ndipo akaja kufungua biashara.

Niliporudi kwenye simu nilikuta ujumbe wa katibu wa kamati, binti wa upande wa bibi harusi anayeishi Kigoma: "Shikamoo baba. Samahani, lakini huu ni udhalilishaji wa wanawake. Mwanamume akikosea kujumlisha, huwa mnaziita hesabu za kiume?"

Nilijibu vibaya. Nilimwambia kuwa huo ni utani tu, asiweke kila kitu moyoni, na kwamba vijana wa siku hizi hawana uvumilivu, na kila sentensi niliyoongeza ilileta watu wapya wa kunijibu. Kufikia magharibi nilikuwa nimeshaitwa mfumo dume wenye miguu miwili, mtu mmoja alikuwa amekata skrinishoti ya mstari wangu peke yake na kuipeleka kwenye kundi la sare, na wanaume watatu walikuwa wamejitokeza kunitetea kwa maneno yaliyonitia aibu kuliko yale ya walionishambulia.

Mwanzoni nililaumu maandishi, kwamba hayana sauti wala uso. Lawama hiyo ina historia yake. Mwaka 1982, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kule Marekani, mzaha uliosambazwa kwa kompyuta kuhusu lifti iliyomwagikiwa zebaki ulichukuliwa na baadhi ya wasomaji kuwa tahadhari ya kweli, ndipo Scott Fahlman akapendekeza nukta mbili, kistari na mabano viwe alama ya mzaha. Vikatuni vyangu ni wajukuu wa alama ile. Tatizo ni kwamba mimi alama niliiweka, na kila mtu aliiona. Binti wa Kigoma hakushindwa kuelewa kuwa natania. Alielewa vizuri, akaukataa utani wenyewe.

Nilimkumbuka Tim Hunt, mwanasayansi wa Uingereza aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2001, ambaye Juni 2015 mjini Seoul alisema kwamba wanawake katika maabara hupendana na wanaume, na wakikosolewa hulia. Alieleza kuwa alikuwa anatania, lakini alipoteza wadhifa wake wa heshima katika chuo kikuu kimoja cha London. Sijui kama adhabu ile ililingana na kosa, na kwa kweli nadhani ilizidi. Ninachokumbuka zaidi ni wanasayansi wa kike waliojipiga picha wakiwa na makoti na miwani ya kazi, wakazisambaza kwa kejeli. Walirudisha utani.

Mtani wangu hakurudisha. Nilipomfuata sokoni siku ya pili alikuwa akisawazisha mchele kwenye kisado kwa kiganja, na aliendelea kusawazisha huku akizungumza. "Mtani, ungesema Wazaramo tumeila hiyo elfu kumi, ningekujibu hadi ukome. Umesema wanawake. Sasa nikujibu kwa lipi?" Kisha akaniambia kuwa wajumbe wawili walimpigia simu usiku uleule kuulizia fedha, na kwamba alicheka kwenye kundi kwa sababu mweka hazina asiyecheka huonekana ana hatia. Kosa lenyewe lilikuwa jina moja lililoandikwa mara mbili, maana mchangiaji ana laini mbili za simu.

Bado sikubali kwamba nina chuki na wanawake, na aliyekata ile skrinishoti alinionea. Hata hivyo, ruhusa niliyopewa na wazee ni ya kumtania Mzaramo, naye anitanie. Wanawake si kabila la watani wangu, na hakuna aliyenipa ruhusa hiyo juu yao.

Usiku nilisoma tena mazungumzo yote kuanzia juu, nikagundua kuwa katika ubishi ule wote sikuwa nimeitikia salamu. Nikamwandikia binti yule: "Marahaba, mwanangu. Nimechelewa kuitikia. Lile neno la hesabu za kike ninalifuta, na kesho nitalifuta mbele ya kundi zima." Alijibu, "Asante baba," kisha akauliza ahadi yangu nitaimalizia lini, kwa kuwa katika orodha iliyosahihishwa bado ninadaiwa shilingi 50,000.