Nimeijua asili ya chupa yangu ya soda: tazama nukta kitakoni

Chupa ni ya Kimarekani. Maandishi ya rangi yamefutika nusu; jina la soda linasomeka, la mji halipo. Nililitafuta jina hilo mtandaoni nikapata soda kadhaa zinazoitwa hivyohivyo katika majimbo tofauti. Kulinganisha picha nako hakukusaidia.

Ufumbuzi ulianzia kitakoni. Nililaza karatasi nyembamba juu yake, nikasugua taratibu kwa ubavu wa penseli. Ikajitokeza almasi iliyopishana na umbo la yai, herufi I katikati: alama ya Owens-Illinois, kampuni ya vioo iliyoundwa 1929. Namba ya kushoto, 9, ni kiwanda cha Streator, Illinois. Ya kulia ni tarakimu ya mwisho ya mwaka: 1. Basi ni 1931? Tazama vizuri. Baada ya hiyo 1 palikuwa na nukta ndogo sana, ambayo ni rahisi kuidhania kasoro ya kioo. Kampuni iliiongeza kuanzia 1940 ili kutofautisha muongo mpya na uliotangulia, kwa hiyo ni 1941. Hata maandishi ya rangi yanaafiki, maana yalienea kwenye chupa za soda kuanzia katikati ya miaka ya 1930.

Ila Streator ndipo kioo kilipofinyangwa, si lazima soda ijazwe huko. Nikiwa na mwaka, nilifungua orodha za biashara za miji za 1940 hadi 1942, ambazo maktaba zimezipiga picha na kuziweka mtandaoni, kwenye sehemu ya wajazaji wa soda. Jina lilikuwa katika mji mmoja tu, pamoja na mtaa wa kiwanda.