Jumamosi Tuliyosimamisha Zege

Jumamosi moja ya mwisho wa Oktoba, pale Tabora, mifuko 115 ya saruji ilikuwa chini ya turubai, mixa imejazwa dizeli na vijana wa makarai wamejipanga kwenye ngazi ya mbao. Siku hiyo tulikuwa tumwage slabu, yaani sakafu ya zege, ya ghorofa ya kwanza ya maktaba: mita za mraba 120, unene sentimita 15. Kiwanja kilikuwa cha vibanda chakavu, na katika kuboresha mji kikapangiwa ofisi. Baadaye kikao kikabadili matumizi yakawa maktaba, lakini mchoro wa nondo ukabaki uleule.

Mkutubi alifika saa moja na nusu, amebeba boksi la vitabu na mizani ya kuning'iniza aliyoazima kwa wauza asali.

“Injinia, samahani, kabla hamjamwaga naomba tupime hivi.”

Akapanga vitabu juu ya ubao mpaka vikatimia mita moja, akavifunga kamba na kuvitundika. Mshale ukasimama kwenye kilo 34.

Hesabu tuliifanyia palepale kwenye mfuko mtupu wa saruji. Kila safu ina rafu sita upande huu na sita upande wa pili. Kumi na mbili mara 34 ni kilo 408 kwa kila mita ya urefu. Safu hadi safu ni mita moja na nusu, kwa hiyo kila mita ya mraba inabeba 272, na ukiongeza chuma za rafu zenyewe unakaribia 300. Hapo watu hawajaingia. Slabu yetu ilipigiwa hesabu ya ofisi, kilo 250 kwa kila mita ya mraba. Kiwango cha Uingereza tulichokuwa tukikitumia, BS 6399, kilitaka chumba cha rafu za vitabu kibebe kilo zisizopungua 650.

Slabu ya namna hiyo haianguki siku ya ufunguzi, na ndiyo sababu kosa hili hupita. Vitabu havishuki usiku kama watu wanavyotoka ofisini. Vinakaa juu ya zege miaka yote, nayo inapinda polepole, sakafu inachora nyufa, milango inakwama, rafu zinaegemeana.

Mixa haikuwashwa. Kuongeza nondo peke yake kusingetosha, kwa sababu nguzo na misingi navyo vilihesabiwa kwa ofisi. Mhandisi aliyechora akakubali njia rahisi kuliko zote: rafu zishuke chini, meza za kusomea zipande juu, ambako kilo 250 zinatosha.

Ila kushusha vitabu ni kuvipelekea mchwa, na Tabora kila mtu anavijua vichuguu. Bahati jamvi la chini, sakafu ya zege inayokaa juu ya udongo, lilikuwa bado kumwagwa. Mirunda ya kushikilia slabu ya juu ilisimama juu ya mbao kwenye kifusi kilichoshindiliwa. Wiki mbili baada ya slabu ya juu kumwagwa tulianza kuing'oa, katikati ya nguzo na nguzo kwanza, tukielekea kwenye nguzo zenyewe. Kisha tukaweka mawe sentimita 15 na mchanga sentimita 5, tukanyunyiza dawa ya mchwa lita 5 za mchanganyiko kwa kila mita ya mraba, na kutandika nailoni nzito siku hiyohiyo. Ukiiacha dawa wazi mvua ya Novemba ikaipiga, umeinywesha mifereji. Pembeni mwa kuta na kuzunguka kila bomba tulirudia kwa mkono, maana mchwa hapiti katikati ya zege nzima, anapita kwenye ufa mwembamba wa pale bomba linapochomoza.

Mkutubi alikuwa na ombi moja zaidi: hakuna rafu kugusa ukuta. Tukaacha sentimita 10, upana wa kupitisha mkono wenye tochi. Kila Jumatatu kabla ya kufungua mlango alipiga magoti na kumulika nyuma ya rafu, akitafuta mstari wa udongo mbichi unaopanda kutoka sakafuni.