Umenunua Ruger 10/22? Usikimbilie kuagiza vipuri

Ruger 10/22, bunduki ya risasi ndogo za .22 inayojipakia yenyewe, iko sokoni Marekani tangu 1964, na vipuri vyake vimezagaa kiasi kwamba leo unaweza kuiunda nzima bila kipande hata kimoja kilichotoka kiwandani kwa Ruger. Hapo ndipo wanunuzi wapya wanapopotelea. Wiki ya kwanza wameshaagiza mtutu mnene, kitako cha rangi na bolti inayong'aa (kile chuma kinachoteleza na kufunga nyuma ya mtutu), na bado hawajui bunduki yenyewe inapiga wapi. Ushauri wangu: mwaka wa kwanza badilisha vile tu vinavyokuzuia kujifunza, fedha inayobaki nunua risasi.

Kwenye karabaini, yaani ile 10/22 ya kawaida yenye mtutu wa inchi 18.5, vinavyozuia kweli ni vilengeo, ukosefu wa mkanda wa bunduki, ugumu wa kifyatulio, na kitako kisichomkaa mwenye nacho. Vingine vingi ni mapambo.

Kwa wenzetu walioko Marekani, mambo ya sheria kwa haraka. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kununua na kujaza fomu 4473, ile ya ununuzi wa silaha, dukani kama raia. Aliyeingia kwa viza ya muda, ya masomo, kazi au matembezi, kwa kawaida haruhusiwi hata kumiliki risasi, isipokuwa awe na sababu iliyotajwa kwenye sheria, mfano leseni halali ya uwindaji. Usifunge mtutu wa chini ya inchi 16; hiyo inakuwa silaha ya kundi jingine kisheria na ina usajili wake. Kuna majimbo yanayokataza magazini ya zaidi ya risasi 10, kwa hiyo angalia la kwako kabla ya kununua ile ya 25. Na tafadhali, usimchomekee binamu wa nyumbani vipuri vya bunduki ndani ya pipa la nguo. Kuvitoa Marekani kuna taratibu za vibali vya usafirishaji, na kuvipokea Kenya au Tanzania kuna za kwake.

Kuna tabia moja ya bunduki hii ambayo lazima uijue kabla ya yote. Risasi ya mwisho ikiisha, bolti haibaki nyuma. Inarudi mbele kama kawaida, na unachosikia safari inayofuata ni "tak" tupu. Kwa nje huwezi kutofautisha bunduki tupu na yenye risasi chemba (tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa), na kuchomoa magazini hakuondoi risasi iliyokwisha kuingia. Kwa hiyo: mdomo wa mtutu uelekee sehemu salama, toa magazini, vuta bolti nyuma mara mbili, ifunge nyuma kwa kile kiwenzo kilicho mbele ya kinga ya kifyatulio, tazama chemba, kisha ingiza ncha ya kidole uguse. Fuata mpangilio huo huo. Anayevuta bolti kwanza na kutoa magazini baadaye ameingiza risasi mpya chemba kwa mkono wake mwenyewe.

Risasi kwanza

Mitutu miwili iliyotoka kiwanda kimoja siku moja inaweza kupenda risasi tofauti kabisa. Nunua boksi la risasi 50 la aina nne au tano, zote za nafaka 40 (nafaka, au grain, ni kipimo cha uzito wa risasi). CCI Standard Velocity, inayotoka kwa futi 1,070 kwa sekunde, iwe mojawapo. CCI Mini-Mag ya futi 1,235 iwe nyingine. Zilizobaki chukua zinazopatikana dukani kwako kwa bei unayoweza kuimudu kila mwezi. Weka bunduki juu ya begi la mchanga, yadi 50. Kila ukibadilisha aina, piga kumi za kwanza bila kuzihesabu, kwa sababu mtutu unahitaji kuizoea nta ya risasi mpya. Kisha piga makundi matano ya risasi tano tano na upime umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi. Kundi moja zuri halina maana. Angalia wastani wa yote matano.

Zile za mwendo wa chini zina faida: zinaanza chini ya kasi ya sauti, hivyo hazipiti kwenye ule msukosuko unaozipata zenye kasi zinapopunguza mwendo. Ubaya wake ni kwamba bunduki mpya, springi bado ngumu, huenda isipate nguvu ya kutosha kuirudisha bolti mpaka nyuma. Ikikwama kwa risasi za aina hiyo tu, ilainishe kwanza kwa mia mbili tatu za Mini-Mag.

Darubini, na kwa nini nyingi zinalegea

Darubini inayokuza mara 2-7 au 3-9 inatosha. Chagua iliyotengenezwa kwa ajili ya .22, kwa sababu ya bunduki kubwa huwa imerekebishwa kwa yadi 100. Ukiitumia kwa yadi 25, jicho likihama kidogo msalaba wa kulengea ulio ndani yake nao unahama juu ya shabaha. Ya .22 kwa kawaida imewekwa yadi 50.

Reli inakuja na bunduki au inauzwa kando, na inafungwa kwa skrubu ndogo nne juu ya mwili wa bunduki, ambao ni wa aluminiamu. Hapa ndipo matatizo mengi ya "bunduki yangu haitulii" yanapoanzia. Futa mafuta kwenye skrubu na kwenye matundu kwa spiriti, weka tone dogo la Loctite ya buluu (gundi ya skrubu), kisha kaza kwa toki renchi (renchi inayopima nguvu ya kukaza), inchi-pauni 15 hivi. Ukikaza kwa nguvu za fundi wa lori utakwangua nyuzi za aluminiamu, na huo si uharibifu wa kurekebisha mezani nyumbani. Pete za juu nazo ni 15 hadi 18, ukikaza kwa kupishanisha ili pengo liwe sawa pande zote. Kwenye pete usiweke Loctite.

Umbali wa jicho upime ukiwa umelala kifudifudi na darubini ikiwa kwenye ukuzaji wake wa juu, maana kifudifudi kichwa kinasogea mbele kuliko mikao mingine. Weka shavu huku umefumba macho, yafumbue: kama unaona kivuli cheusi pembeni, sogeza darubini, si shingo yako. Kitako cha karabaini kimechongwa chini kwa ajili ya vilengeo vya chuma, kwa hiyo ukifunga darubini shavu hubaki linaelea. Kipande cha sponji ngumu na mkanda wa kitambaa vinatosha kukiinua. Watu wananunua mtutu mpya kumbe walichokosa ni sponji.

Kuziro, yaani kurekebisha darubini ilingane na mahali risasi inapogonga, anza yadi 25. Darubini nyingi husogea robo ya dakika ya pembe (kama robo inchi kwa yadi 100) kwa kliki moja, ambayo kwa yadi 25 ni kliki 16 kwa inchi, na kwa yadi 50 ni kliki 8 kwa inchi. Piga tatu, pima toka katikati ya kundi, rekebisha, piga tatu tena. Mshale wa kwenye kifundo unaonyesha upande ambao tundu litahamia. Wengi wanaugeuza kinyume na kumaliza boksi zima wakifukuzana na karatasi. Ikikaa sawa, hamia yadi 50 umalizie kwa makundi ya tano. Ukiziro yadi 50 kwa risasi ya futi 1,070, tegemea kushuka kwa inchi 6 hadi 7 ifikapo yadi 100.

Kifyatulio

Cha kiwandani kina uzito wa pauni 5 hadi 6, na bunduki yenyewe ni kama pauni 5. Maana yake unaivuta kwa nguvu kuliko uzito wake, na kila kosa la kidole linaonekana kwenye karatasi. BX-Trigger, kifyatulio cha kubadilishia cha Ruger wenyewe, inashusha hadi kati ya pauni 2.5 na 3 na inaingia bila kuchonga chochote. Kama kuna kipande kimoja cha kununua, basi ni hiki.

Kuifunga: hakikisha bunduki ni tupu na imekokiwa (nyundo imevutwa nyuma). Legeza skrubu ya bangili ya mtutu, isogeze mbele uitoe. Fungua skrubu kubwa ya chini ya kitako kwa bisibisi inayojaa kwenye mfereji wake. Sasa kile kitufe cha usalama kiweke katikati, si kulia wala kushoto, la sivyo kinakwama kwenye ubao na ukilazimisha unapasua kitako. Inua kuanzia upande wa mtutu. Sukuma nje pini mbili za msalaba, kifyatulio chote kitatoka. Ile pini nene iliyo nyuma, inayozuia bolti, imelegea kwa asili. Ikidondoka chini usishtuke, irudishe. Wakati wa kurudisha, nyundo iwe imekokiwa, vinginevyo haipiti chini ya bolti. Skrubu ya kitako ikaze inchi-pauni 15 hadi 20. Ukizidisha, mbao inabonyea, na makundi yanaanza kuhama kila mvua ikinyesha.

Pini ya plastiki ya kubadilishia ile nene? Inapunguza kelele za chuma. Usahihi haiongezi.

Mkanda na mazoezi

Mkanda wa pamba wa upana wa inchi 1.25 ni kipuri cha bei ndogo chenye faida kubwa, na karibu hakuna anayekinunua mapema. Kama kitako chako hakina vishikizo, viweke. Kitanzi cha mkanda kipandishwe juu ya msuli wa mkono unaoshika ubao wa mbele, kikazwe, kisha mkono uzunguke mkanda kabla ya kushika ubao. Kifudifudi na kwa kuketi, mkanda ndio unaobeba bunduki, misuli ipumzike. Ukihisi mapigo ya moyo kwenye msalaba, kitanzi kimeshuka karibu na kiwiko au kimekazwa mno.

Kisha mwelekeo wa asili wa mwili. Lenga, fumba macho, vuta pumzi na uitoe, fumbua. Msalaba umeenda kushoto? Usiurudishe kwa mikono. Sogeza nyonga, au kiwiko kile kilicho chini ya bunduki, mpaka ukifumbua uukute juu ya shabaha wenyewe. Anayeisukuma bunduki kwa misuli atapiga mbili nzuri, na ya tatu itarudi ulikokuwa mwili wake.

Kufyatua bila risasi nyumbani kunafaa sana. Bunduki nyingi za .22 zinaweza kuharibika kwa zoezi hilo, lakini 10/22 ina pini inayozuia sindano (ile inayoipiga risasi) isigonge ukingo wa chemba, na Ruger wanaruhusu mradi pini hiyo iwe mahali pake. Risasi zibaki chumba kingine. Dakika kumi, mara tatu kwa wiki, ukitazama kama msalaba unatikisika kifyatulio kinapoachia. Ukishafyatua, shikilia kidole nyuma, tazama, ndipo ukoki tena.

Uwanjani risasi 50 kwa safari zinatosha: tano za kwanza kifudifudi ukiwa hujapasha, uziandike, kumi na tano kifudifudi kwa mkanda, kumi kwa kuketi au kupiga goti, ishirini kwa kusimama, kwa sababu kusimama ndiko watu wanakokukwepa. Mwenzako akikujazia magazini na kuchanganya risasi za bandia humo, utajiona jinsi unavyofumba macho na kuisukuma bunduki kwa bega kabla ya mlio.

Ukitaka kipimo cha nje, Project Appleseed huendesha mafunzo ya wikendi ya kulenga shabaha sehemu nyingi za Marekani. Jaribio lao hupigwa umbali wa mita 25 kwa shabaha zilizopunguzwa ukubwa: risasi 40, alama za juu 250, na anayefikisha 210 hupewa beji. Karabaini ya kawaida yenye mkanda inaweza kufikisha.

Inapogoma

Matundu yakipangana wima, pumzi ndiyo inayobadilika. Yakipangana kwa upana, ni kidole, au unaiinamisha bunduki upande. Makundi mawili yaliyoachana kabisa, shika darubini uitikise kabla ya kujilaumu.

"Tak" bila mlio: subiri sekunde 30 mtutu ukiwa kwenye shabaha. Baruti ya kuwashia kwenye .22 imo ndani ya ukingo wa ganda na haisambai sawasawa kila mara, hivyo ukizungusha risasi hiyo na kuipiga sehemu nyingine mara nyingi inawaka. Mlio ukiwa dhaifu, "puf", simama hapo hapo. Toa magazini, ifunge bolti nyuma na hakikisha chemba ni tupu, ndipo utazame ndani ya mtutu, maana risasi huenda imebaki humo. Ganda likikwama wima mlangoni, chanzo cha kawaida ni uchafu wa nta chemba au risasi dhaifu.

Kila baada ya risasi 300 hadi 500 sugua uso wa bolti na ukucha wake wa kutolea ganda kwa mswaki mkavu, safisha chemba, weka matone mawili ya mafuta kwenye njia ya bolti. Mtutu uache mpaka makundi yaanze kupanuka, na ukiusafisha tumia kamba ukiivuta kutoka chemba kwenda mdomoni. Fimbo ya chuma inayoingizwa kwa mbele hukwaruza ukingo wa mdomo, na hapo usahihi unaondoka. Magazini ya mviringo ifute tu. Ukiifungua, springi inalegea, na usipoirudisha na mkazo ule ule risasi za mwisho hazitapanda. Nawa mikono kwa maji baridi na sabuni kabla ya kugusa chakula, ni madini ya risasi (lead) hayo.

Mtutu mpya fikiria pale tu ambapo risasi bora uliyoipata, juu ya begi, bado inakupa zaidi ya inchi moja na nusu kwa yadi 50 safari hadi safari. Wa zamani unatoka kwa kufungua skrubu mbili za kile kibano cha mbele ya mwili wa bunduki, na mpya hukazwa kwa kupishanisha skrubu hizo kidogo kidogo. Angalia kipenyo kabla ya kulipa: mitutu minene ni ya inchi 0.920, na haiingii kwenye mfereji wa kitako cha karabaini, kwa hiyo ukiagiza huo umeagiza na kitako.