Nilivyotuliza intaneti ya nyumbani bila kupandisha kifurushi

Nyumbani kwetu Tabata kila mtu alikuwa na dawa ileile ya intaneti: lipa zaidi. Mke wangu sauti yake ilikuwa ikikatika kwenye vikao vya kazi vya jioni, mdogo wangu akipigwa kwenye gemu lawama zinakuja kwangu mimi mlipaji, watoto nao wanakodolea macho kile kiduara kinachozunguka kwenye runinga. Kifurushi chetu cha faiba ni cha Mbps 20, yaani megabiti 20 kwa sekunde. Kampuni inayotuhudumia inacho cha 50, na simu za kunibembeleza nihamie huko zilikuwa haziishi. Nikasema hapana, kwanza nijue hizo 20 zinaishia wapi.

Maana ukikaa kupiga hesabu, 20 si haba. Filamu ya HD inahitaji kama Mbps 5, kikao cha video hakizidi 4, na gemu ya mtandaoni haifiki hata 1. Sisi hatuna runinga ya 4K, na hata tungekuwa nayo nisingeikubalia kila jioni. Kwa hiyo kulikuwa na kitu kingine.

Nikachomeka laptop kwenye rauta kwa waya, nikafungua madirisha matatu ya amri ya ping, inayopima muda wa data kwenda na kurudi, na kuyaacha yakimbie: la kwanza kwa rauta yenyewe, 192.168.1.1, la pili kwa 1.1.1.1, ambayo ni seva ya umma ya Cloudflare, la tatu kwa seva iliyoko Ulaya. Rauta ilijibu chini ya milisekunde moja, 1.1.1.1 milisekunde chache tu, Ulaya zaidi ya 150. Hiyo ya Ulaya usimlaumu mtu. Mwanga ndani ya faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, na mkongo kutoka hapa hadi kule unazunguka na bahari. Hata ukinunua Mbps 1,000, hizo milisekunde hazipungui.

Kisha nikachomoa waya, nikaenda chumba cha nyuma, nikajaribu kwa Waifai. Rauta iliyokuwa ikijibu papo hapo sasa ilichukua milisekunde 200, mara 300, mara kimya. Yaani data ilikuwa inapotea ndani ya nyumba yangu mwenyewe, kabla hata haijaufikia waya wa kampuni. Nikarudi kwenye waya, safari hii nikiwa nimewasha simu ya mama watoto ipakie picha zake kwenye hifadhi ya mtandaoni. Hapo 1.1.1.1 ikapanda kutoka milisekunde chache hadi zaidi ya 500, na ikabaki hukohuko mpaka picha zilipokwisha. Magonjwa mawili, na hakuna hata moja ambalo kifurushi cha 50 kingelitibu sawasawa.

Nianze na Waifai. Fundi aliyetufungia faiba aliiweka rauta pale waya ulipoingilia, dirishani, nyuma ya runinga. Ni kawaida yao, na siwalaumu sana, wanalipwa kwa idadi ya nyumba. Lakini kutoka hapo hadi chumba cha nyuma kuna kuta tatu za tofali za saruji na nguzo yenye nondo. Kwenye 2.4 GHz chaneli zisizogongana ni tatu tu, 1, 6 na 11, na mtaani kwetu majirani wote wamejazana humo. Ile 5 GHz ina nafasi tele, ila ukuta wa tofali unaimaliza haraka. Duka lolote litakuuzia kirudisha mawimbi, kile cha kuchomeka kwenye soketi. Vingi vyake vinapokea na kurusha kwa redio ileile, kwa hiyo kasi inagawanyika nusu kabla hujaanza kutumia. Sivipendi, na sijaona nyumba vilikotuliza mambo.

Nilichotaka ni waya mmoja, kutoka sebuleni hadi korido ya nyuma, na mwisho wake kifaa cha pili cha kurusha Waifai. Nikaenda Kariakoo kutafuta waya wa mtandao aina ya Cat6.

Hapo ndipo pa kuwa macho. Nyaya nyingi zinazouzwa kwa bei ya kutupa si shaba. Ni aluminiamu iliyopakwa shaba kwa juu. Zinafanya kazi siku ya kwanza. Baadaye zinakatika kwenye kona, hazishiki vizuri kwenye vichwa vya RJ45, na ukitaka kupitisha umeme ndani yake kulisha kamera zinapata joto. Muuzaji alinyoosha kipande, "Mkubwa, hii shaba tupu." Nikamwambia, "Bosi wangu, niazime kisu." Nikakwangua uzi mmoja mwembamba: juu mwekundu, ndani mweupe kama sufuria. Akacheka, hakubisha, akainama chini ya meza na kutoa boksi jingine. Hili lilikuwa zito hata kulinyanyua, kwa sababu shaba ina uzito zaidi ya mara tatu ya aluminiamu, na boksi zima la mita 305 haliwezi kuficha hilo. Nikakata mita nilizohitaji kwa karibu mara mbili ya bei ya mwanzo. Vichwa nilivibana mwenyewe kwa mpangilio wa B, ambao mikono yangu inaujua kuliko namba ya simu yangu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Chumba cha nyuma kikapona jioni ileile.

Ugonjwa wa pili ndio ninaopenda kuuzungumzia, kwa sababu karibu kila nyumba unao na hakuna anayeutangaza. Rauta za bei rahisi zina kumbukumbu kubwa ya kupangia data foleni. Simu ikianza kupakia picha, foleni inajaa, na paketi ndogo ya sauti ya kikao inakaa nyuma ya lundo hilo mithili ya gari la wagonjwa lililokwama nyuma ya malori ya mchanga. Barabara haijafungwa, ni mpangilio tu. Mhandisi Jim Gettys ndiye aliyelipigia kelele jambo hili na kulipa jina la bufferbloat, miaka ya 2010 na 2011, na wenzake wakaandika dawa yake, programu za kupanga foleni: fq_codel, halafu CAKE. Dawa hizo ni za bure na zimo ndani ya mfumo endeshi wa Linux. Sanduku alilokuletea fundi kwa kawaida halikuruhusu kuziwasha.

Kwa hiyo nyuma ya sanduku la kampuni niliweka rauta yangu yenye OpenWrt, programu ya bure inayochukua nafasi ya ile ya kiwandani. Mradi huu ulizaliwa kutokana na rauta ya Linksys WRT54G. Mwaka 2003 kampuni ililazimika kuachia msimbo wa programu yake kwa sababu ilitumia Linux, yenye leseni inayodai hivyo. Wapenzi wa vifaa wakauchukua, na hadi leo tunakula matunda. Ukinunua rauta kwa kazi hii, usihesabu antena. Mapembe manane juu ya sanduku la plastiki hayaniambii kitu. Tazama kibandiko cha chini, usome toleo: jina lilelile la rauta linaweza kuwa na chipu moja kwenye v1 na nyingine kabisa kwenye v3, na moja ikakubali OpenWrt wakati nyingine haigusiki. Zenye kumbukumbu ndogo, flashi ya MB 4 na RAM ya MB 32, ziache dukani hata ukipewa kwa bei ya sabuni.

Mpangilio wenyewe ni mfupi. Unaweka programu iitwayo SQM, unachagua CAKE, unaandika kasi iliyo chini kidogo ya ile unayopata kweli, kama asilimia 90, ili foleni ijengeke kwenye rauta yako unayoitawala, isijengeke kwa kampuni. Mimi niliandika 18 kushuka na 18 kupanda. Ndiyo, nimetupa Mbps 2 kila upande. Picha zikapakia, ping ikabaki chini ya milisekunde 20, na mdogo wangu akakosa kisingizio.

Umeme ulikuwa umebaki. Watu hawajui kwamba umeme ukikatika mtaa mzima, faiba ya nyumbani mara nyingi bado ni nzima: kile kigawanyaji cha kwenye nguzo hakitumii umeme kabisa, kinagawa mwanga tu. Mradi kampuni ina betri au jenereta upande wake, kinachozimika ni vifaa vyako. Inverta ya kulisha hivyo peke yake ni kufuru, inageuza umeme wa betri kuwa volti 230 halafu adapta inaushusha tena. Nilinunua UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti 12, inayolisha moja kwa moja. Soma kwanza adapta zako. Sanduku la faiba la jirani yangu ni la volti 9, angelichomeka kwenye 12 angeliunguza. Na usidanganywe na mAh. Betri iliyoandikwa 10,000 imehesabiwa kwa volti 3.7, sawa na wati-saa 37. Vifaa vyangu viwili vinakula wati 12 hivi, kwa hiyo ni saa tatu kwenye karatasi na mbili na ushee kwenye giza.

Kuna yaliyonishinda, na hayo hayako nyumbani kwangu. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Upande wa kaskazini Seacom ilikuwa imeshakatika tangu Februari kwenye Bahari ya Shamu, na vita vya kule vikachelewesha matengenezo. Hapo hata uwe na CAKE na shaba tupu, unasubiri meli ya matengenezo. Nilichoona siku hizo kwenye yale madirisha yangu matatu kilinifundisha kuliko makala nyingi: rauta sawa, seva za hapa nchini zinajibu, za Ulaya kimya. Halafu nikafuatilia njia ya tovuti kadhaa zenye majina ya .tz ninazozitumia kila wiki, nikakuta baadhi zimekaa Ujerumani na Marekani. Mtu wa Ilala anayetaka kusoma tangazo lililoandikwa Ilala anategemea waya wa baharini, wakati Dar kuna kituo cha kubadilishana data, TIX, na kumbi za seva zenye nafasi. Hilo linaniudhi kuliko Mbps zozote.

Kwa upande wangu, nimeweka Wikipedia kwenye kompyuta kuukuu kwa programu ya Kiwix, watoto wanaisoma kwa Waifai hata mtandao ukiwa umelala. Nyaraka za kazi za mke wangu zinakaa kwenye diski ya ndani kwanza, nakala ya mtandaoni inafuata usiku. Simu za kampuni kuhusu kifurushi cha 50 bado zinakuja. Ya mwisho, nilimuuliza dada aliyepiga kama kasi ya kupanda itaongezeka pia au ni ya kushuka peke yake. Akaniomba nisubiri laini, amuulize msimamizi wake.