Kondoo wa Kichwa Cheusi kwa Idi Kubwa

Idi Kubwa ya 2025 iliangukia mwanzoni mwa Juni, kipupwe kikiwa kimeshaingia Unguja, na watoto wa nyumbani walikuwa wameniomba keki yenye umbo la kondoo. Picha walizonionesha zote zilikuwa za kondoo wa Ulaya, mwenye sufu iliyojikunja mwili mzima na kijimkia kisichoonekana. Nilizitazama nikaona kwamba huyo si mnyama ambaye wangemkuta amefungwa uani asubuhi ya mwezi 10 Mfunguo Tatu, yaani siku yenyewe ya Idi. Kondoo tunayemjua Afrika Mashariki, hasa yule wa asili ya Kisomali, ana manyoya mafupi yaliyolala, mwili mweupe, kichwa cheusi mpaka shingoni, na mkia mnene uliojaa mafuta. Nilikata shauri kwamba nikioka kondoo, basi awe huyo.

Mama alipendekeza nitumie mkate wa mayai, ule wa mayai, sukari, unga na iliki, unaopikwa kwa makaa ya juu na chini. Naupenda kuliko keki yoyote, lakini ni mwepesi mno, na kisu kikipita ubavuni humeguka. Mnyama wa kuchongwa anahitaji keki iliyoshikana, kwa hiyo nilichukua siagi, sukari, unga na mayai kwa uzito ulio sawa, gramu 500 kila kimoja, ambapo kwa mayai ni kama 10 ya ukubwa wa kawaida. Iliki sikuiacha, nayo niliitwanga papo hapo, kwa sababu iliyokaa kwenye kopo hupoteza harufu.

Rojo nililigawa kwenye vyombo viwili vya duara, nikabakisha kidogo kwa kikombe cha kichwa na bakuli dogo la mkia, nikaoka kwa nyuzi 170. Siku ya pili, keki zikiwa zimepoa na kukaza, nilizikata katikati, nikavisimamisha vile vipande vinne vya nusu duara bega kwa bega, upande uliokatwa ukikaa chini, na krimu ya siagi yenye maji ya ndimu ikivishikamanisha. Umbo la kondoo aliyelala lilijitokeza hapo hapo, na kwa kuwa amelala, hakuhitaji miguu. Kisu kilibaki na kazi ya kuviringa mgongo na kupunguza shingo tu.

Kazi niliyoipenda zaidi ni ya manyoya. Wapambaji wengi hujaza mwili mzima maua madogo ya krimu, na matokeo yake ni sufu ya kondoo wa nchi za baridi. Mimi nilitaka nazi. Nilichagua nazi zilizokomaa vizuri, nikazikuna kwa mbuzi taratibu, nikiacha kabla meno hayajafika kwenye ngozi ya kahawia iliyogusana na kifuu, kwa sababu chembe chache tu za ngozi hiyo huufifisha weupe wote. Nazi mbichi haiwezi kuwekwa juu ya keki ikakaa, maana huchacha upesi. Niliitandaza kwenye trei, nikaikausha kwa moto mdogo wa nyuzi 100, nikiigeuzageuza ili isipate rangi, mpaka ikawa inachirizika vidoleni. Ilipobandikwa juu ya krimu na kulazwa kwa kiganja kuelekea nyuma, ililala kama manyoya yenyewe.

Nazi ina faida nyingine pia. Siagi huanza kulainika mapema sana katika hewa yetu, na mwaka wa Kiislamu hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, kwa hiyo katikati ya miaka ya 2030 Idi hii itakuwa Februari, katika joto la kaskazi. Tabaka jembamba la krimu lililofunikwa nazi linastahimili, lakini maua ya krimu yaliyosimama yatateremka.

Kichwa nilikipaka krimu iliyochanganywa na kakao na chokoleti nyeusi, na masikio yakawa nusu za tende zilizobanwa zikawa bapa. Nilipofika kwenye uso, nilimwita Mama. Wanazuoni wana kauli tofauti kuhusu sanamu zisizodumu na zile za kuchezea watoto, wapo waliozuia na wapo walioruhusu, nami sikutaka chakula cha Idi kimtie mtu mashaka mezani petu. Mama alimtazama kwa makini, akasema, “Mwache bila macho, mwanangu, mbona keshajulikana.” Nilikubaliana naye hata kwa upande wa sanaa, kwani kichwa cheusi na ule mkia vilikuwa vimeshasema yote.

Nyama ya udhiya kwa desturi hufanywa mafungu matatu, la wenye nyumba, la jamaa na majirani, na la wasiojiweza, na watoto walishikilia kwamba keki nayo igawanywe vivyo hivyo. Walibeba visahani nyumba kwa nyumba kabla ya kwenda Mnazi Mmoja jioni. Mkia, wenye krimu nene kuliko sehemu zote, ulikwenda kwa Mama bila mjadala. Mkubwa wao, akijua kwamba ng'ombe mmoja hutosha watu 7 katika kuchinja, aliniuliza kama mwakani tunaweza kutengeneza ng'ombe mwenye nundu. Nimemwambia kuwa nundu ni rahisi, bakuli lile lile la mkia litafaa; tunalopaswa kulifikiria mapema ni pembe.